Hazina iliyosahaulika katika mabwawa ya chumvi

*Kampuni kubwa hupenda kusifu wepesi wa kampuni changa. Kaskazini mwa Mambrui, nafasi ya kuonyesha wepesi huo imekuwa ikiogelea majini tangu miaka ya 1980.*

MAMBRUI, KILIFI

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi na kuupita mji wa Mambrui, barabara ya kwenda Garsen na Lamu hukufikisha Gongoni. Hapo mandhari hubadilika ghafla. Minazi na vishamba vya mahindi hubaki nyuma, na upande wa bahari hutanda mabwawa yaliyokatwa mraba kwa mraba, moja baada ya jingine, kuelekea Marereni na mbele yake. Mengine maji yake ni ya kijani, mengine yameiva wekundu. Kando yake zimesimama chungu za chumvi zinazoumiza macho saa sita mchana, na malori yanayosubiri kupakia.

Ukanda huu ndio unaotoa sehemu kubwa ya chumvi inayotumika Kenya. Kensalt na Krystalline ni miongoni mwa kampuni zenye mashamba hapa. Ni biashara ya zamani na ya uhakika: bahari haidai malipo, jua ni la bure, na hakuna nyumba isiyonunua chumvi.

Ndani ya baadhi ya mabwawa haya, yale ambayo maji yake yamekolea kiasi cha kuua kila samaki, anaishi kiumbe wa jamii ya kamba mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Wataalamu humwita Artemia. Kwa jicho la mvuvi wa Ngomeni, kijiji cha jirani, ni uduvi tu.

Si mwenyeji wa Pwani. Watafiti walimtia katika mabwawa haya katikati ya miaka ya 1980, kwa mbegu iliyotoka Ghuba ya San Francisco nchini Marekani. Wazao wake wangali humu. Wakati huo wote biashara iliyoletewa mbegu hiyo haijasimama kwa kiwango cha viwanda, na Kenya ingali inaagiza mayai ya Artemia kutoka ng'ambo.

Kampuni yenye ardhi, mabwawa, pampu, wafanyakazi na fedha inawezaje kukaa juu ya biashara nyingine kwa muda mrefu hivyo bila kuigusa? Wakurugenzi wa Nairobi, Mombasa na kwingineko hulizungukia swali hilo kila wanapolipia semina za ubunifu. Hapa Mambrui unaweza kuliona kwa macho.

Jua, bamvua na uduvi

Chumvi ya jua hutengenezwa kwa subira. Bahari inapojaa wakati wa bamvua, maji huingizwa au huvutwa kwa pampu hadi bwawa la kwanza. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Jua na upepo huyapunguza, yakahamishiwa bwawa la pili, la tatu, na kuendelea. Yanapopita gramu 260 hivi kwa lita, ndipo chumvi ya kula inapoanza kuganda sakafuni.

Katikati ya safari hiyo, maji yakiwa na gramu 80 hadi 200 kwa lita, samaki hawezi kuishi. Artemia anaweza. Humo hana samaki wa kumla, na chakula chake, mwani mdogo usioonekana kwa macho, kimejaa tele.

Anapoula mwani huo huyasafisha maji, na maji safi hutoa chumvi safi. Faida hiyo ya kwanza inamrudia mwenye shamba la chumvi moja kwa moja.

Faida ya pili ni mayai. Hali inapokuwa ngumu, jike huacha kuzaa watoto hai na badala yake hutoa mayai yenye gamba gumu. Mayai huelea, upepo huyasukuma hadi ukingoni, na huko hukusanyika tabaka la rangi ya kahawia linaloweza kuchotwa kwa kitambaa. Yakikaushwa na kufungwa vizuri hukaa miaka yakiwa na uhai ndani. Gramu moja tu ina mayai 200,000 na zaidi. Yatie katika maji ya bahari yenye joto, na kwa muda wa saa 24 hivi yataanguliwa.

Vitoto hivyo ndivyo chakula cha kwanza cha vifaranga vya kamba na vya aina nyingi za samaki katika vituo vya kuzalishia duniani kote. Mahitaji ya dunia hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 3,000 za mayai kwa mwaka, na chanzo kimoja kikuu ni ziwa la chumvi la Utah, Marekani. Kilo moja ya mayai bora huuzwa kwa makumi ya dola. Kilo ya chumvi ghafi, hapo inapochotwa, ni shilingi chache.

Nchini Kenya mnunuzi yupo. Vifaranga vya kambale hulishwa Artemia katika siku zao za kwanza. Mwaka 2009, chini ya mpango wa kufufua uchumi, serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneobunge 140, na wazalishaji wa vifaranga wakajikuta wanatafutwa kuliko wakati wowote.

*"Humo hana samaki wa kumla, na chakula chake kimejaa tele."*

Kwa nini mwenye bwawa hajishughulishi

Jibu rahisi ni kusema kwamba wenye kampuni hawaoni mbali. Silikubali. Mameneja wa kampuni kongwe kwa kawaida ni watu makini, na umakini wao ndio mara nyingi unaozima jambo jipya.

Clayton Christensen, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza hayo mwaka 1997 katika kitabu The Innovator's Dilemma. Alichunguza kampuni zilizoanguka na kuona kwamba nyingi zilikuwa zikifanya kila kinachofundishwa katika vyuo vya biashara. Ziliwasikiliza wateja wao wakubwa. Zilipeleka fedha mahali penye faida kubwa. Jambo jipya huanza dogo, lina faida ndogo, na mteja wake bado hajulikani. Likiwekwa mezani pamoja na biashara kuu, linashindwa kila mara, na linashindwa kwa haki kabisa kwa mujibu wa hesabu za mwaka huo.

Kodak ndiyo mfano unaouma zaidi. Kamera ya dijitali ilitengenezwa ndani ya kampuni hiyo hiyo mwaka 1975, na mhandisi wake Steve Sasson. Januari 2012 Kodak iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Mvumbuzi alikuwa ndani ya nyumba, ila nyumba iliishi kwa kuuza filamu.

Sasa rudi Gongoni. Meneja wa chumvi huhesabu kwa tani na malori. Mayai ya Artemia huhesabiwa kwa kilo, huhitaji mtu anayejua kupima ukali wa chumvi na joto kila siku, na msimu wake hukatizwa na masika, mvua inapozimua maji na kuruhusu samaki kuingia. Bei yake duniani hupanda na kushuka kulingana na mavuno ya Utah. Mhasibu yeyote mwaminifu atashauri pampu nyingine inunuliwe kwa fedha hizo.

Kwa maneno mengine, kosa halimo katika hesabu. Limo katika kumpa mhasibu wa chumvi kazi ya kuhukumu uduvi.

Nchi iliyotoa mfano wa dunia

Ajabu ni kwamba Kenya ndiyo iliyoupa ulimwengu mfano mmoja bora kabisa wa kampuni kubwa kutenda kama changa. Katika vijiji vya ukanda huu mama anauza maandazi na kulipwa kwa simu, na kijana aliye Mombasa anatuma fedha za matumizi kabla adhana ya magharibi haijaadhiniwa. Tumeizoea M-Pesa kiasi cha kusahau jinsi ilivyozaliwa.

Haikuanzishwa na vijana wawili wenye kompyuta chumbani. Ilitoka Vodafone ya Uingereza, mojawapo ya kampuni kubwa za simu duniani, na ilikaribia kufa kabla ya kuzaliwa kwa sababu hizi hizi za Christensen. Nick Hughes, aliyekuwa na wazo, alijua kwamba mradi wa kuwahudumia maskini wa Afrika usingeweza kushindana na miradi ya Ulaya ndani ya kampuni. Njia aliyoipata ilikuwa nje: mfuko wa ushindani wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, DFID, uliotoa karibu pauni milioni moja kwa masharti kwamba Vodafone nayo ichangie. Fedha hizo ziliununulia mradi haki ya kukosea.

Kisha wakamtuma mtu. Susie Lonie alikuja Nairobi kufanya kazi na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoshirikiana na Vodafone, na Oktoba 2005 jaribio likaanza likiwa na maduka manane ya wakala na wateja wasiofika 500, wengi wakiwa wakopaji wa shirika la Faulu mjini Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa dogo: mkopaji alipe mkopo wake kwa simu.

Wateja wakafanya mengine. Wakatumiana fedha. Wengine wakaweka pesa kwenye simu kabla ya kupanda matatu na kuzitoa walikokwenda, wakihofia wezi njiani. Wengine wakawalipia wenzao mikopo. Ulipaji wa mikopo, ambao ndio uliojengewa mtambo wote, ulileta usumbufu mkubwa katika vitabu vya Faulu.

Hapo ndipo kampuni nyingi kongwe zingeandika ripoti kwamba jaribio limeshindwa. Hawa waliacha wazo lao na kufuata la mteja. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 6, 2007, ahadi yake ilikuwa moja tu: kutuma pesa nyumbani. Katika muda wa kama mwaka mmoja ilikuwa na wateja zaidi ya milioni mbili.

Benki Kuu ya Kenya nayo ilikubali huduma ianze chini ya uangalizi wakati sheria mahususi haijatungwa. Mwishoni mwa mwaka 2008 malalamiko ya mabenki yaliifanya Wizara ya Fedha kuagiza ukaguzi, na Januari 2009 huduma ikathibitishwa kuwa salama. Mdhibiti angeweza kuiua M-Pesa kwa barua moja. Aliamua kuitazama kwanza, na naona sifa hiyo haitajwi vya kutosha.

*"Hawa waliacha wazo lao na kufuata la mteja."*

Na bado hushindwa

Wapo wanaosema yote haya ni hadithi ya bahati, na hoja yao ina uzito. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na miaka ya mwanzo ilijikokota. Afrika Kusini ilizinduliwa 2010 na kufungwa 2016. Ni huduma ya familia moja ya kampuni, na matokeo yamekuwa mbalimbali.

Safaricom yenyewe, ilipokwisha kuwa jabali, iliona ugumu wa kurudia mafanikio hayo. Mwaka 2017 ilianzisha kitengo cha ubunifu kilichoitwa Alpha na soko la mtandaoni lililoitwa Masoko. Kitengo hakikuzaa M-Pesa nyingine, na Masoko ikaishia kuuza simu na vifaa vyake. Kupaka ukuta rangi, kuweka viti vya kuzunguka na kuwaita wafanyakazi wabunifu hakutoshi.

Wenye shaka huongeza kwamba kampuni changa nyingi hufa, na kufa kwake hakumuumizi mtu nje ya wachache walioweka fedha. Kampuni ya chumvi ina mamia ya vibarua, madeni ya benki na sheria za kutimiza. Haiwezi kucheza kamari na mishahara ya watu.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ndiyo maana nasema bwawa moja, wala si shamba zima.

Wakulima wa chumvi wa Vietnam

Katika miaka ile ile ya 1980, mbegu ile ile ya San Francisco ilipelekwa Vinh Chau, kusini mwa Vietnam, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Can Tho wakishirikiana na wenzao wa Ghent, Ubelgiji. Huko chumvi hutengenezwa na wakulima wadogo. Mkulima mwenye vidimbwi vichache, aliyechoshwa na bei ya chumvi, hakuwa na cha kulinda. Alijaribu.

Leo mayai ya Vinh Chau yanajulikana duniani kwa udogo na ubora wake, na wakulima huvuna makumi ya kilo kwa hekta kwa msimu. Hali ya hewa yao si bora kuliko yetu. Nako mvua hukatiza msimu. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekabidhiwa mbegu, na nani aliyekaa naye kando ya bwawa mwaka baada ya mwaka mpaka akajua.

Kampuni kubwa nazo zinaweza. Tata Chemicals ya India, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilijenga kiwanda chake Mithapur, Gujarat, kutengeneza magadi. Mitambo ilihitaji maji matamu ya kuchemsha mvuke, yakapatikana kwa kuvukiza maji ya bahari, na chumvi safi ikabaki kama masalio. Mwaka 1983 masalio hayo yalitiwa madini joto, yakafungwa katika pakiti na kuuzwa India nzima kwa jina la Tata Salt. Yamekuwa mojawapo ya majina makubwa ya vyakula nchini humo. Kampuni hiyo ndiyo inayomiliki kiwanda cha Magadi hapa Kenya.

Chumvi ya Kenya nayo hutiwa madini joto tangu miaka ya 1970, lakini kwa amri ya sheria. Sheria ilifanya kazi njema. Watoto wengi wameepushwa na ugonjwa wa rovu. Ila kampuni inayobadilika kwa kuamriwa tu haijajifunza kubadilika.

Wanaoishi ukingoni

Kuna upande ambao semina za ubunifu huusahau: majirani. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu mashamba ya chumvi ya eneo hili, baada ya wakazi kulalamikia ardhi, ukataji wa mikoko, visima kuingia chumvi na mazingira ya kazi. Ripoti ilitoka mwaka 2006. Jeraha hilo halijapona kabisa, na yeyote anayezungumzia biashara mpya katika mabwawa haya bila kulitaja hazungumzi na watu wa hapa.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, imesaidia vikundi vya wanakijiji vya eneo la Kadzuhoni, jirani na Gongoni, kufuga Artemia katika mabwawa madogo. Hawa ndio kampuni changa halisi za Pwani. Wana ari na muda, na wanajua upepo wa kaskazi na wa kusi kuliko mtaalamu yeyote wa kuja. Hawana pampu ya kutegemewa, maabara ya kupimia ubora, wala mtaji wa kusubiri msimu ulioharibika upite.

Kampuni za chumvi zina kila ambacho vikundi hivi havina, na vikundi vina kile ambacho kampuni hazina: mtu wa kukesha kando ya bwawa kwa ajili ya kilo tano.

Wanamazingira nao wana neno lao, na lisikilizwe. Artemia wa San Francisco ni mgeni, na katika mabwawa ya chumvi ya Ureno na Hispania amewasukuma nje wenyeji wa jamii yake. Hapa amekwisha kuingia, lakini kumsambaza hadi vijito na maeneo ya mikoko yasiyokuwa na shamba la chumvi ni jambo jingine, na KMFRI ipewe sauti ya mwisho kuhusu hilo.

Wanaodhani ukanda huu si mahali pa mambo mapya, watazame bahari ya Ngomeni, mashariki ya mabwawa haya. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa majini hapo, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ulikuwa mradi wa setilaiti ndogo ndani ya shirika kubwa, NASA, na majukwaa yenyewe yalitengenezwa kutokana na vyombo vilivyokwisha kutumika kwa kazi nyingine.

*"Kampuni inayobadilika kwa kuamriwa tu haijajifunza kubadilika."*

Bwawa moja

Yanayohitajika si mengi, na yote yalikuwamo katika jaribio la M-Pesa la mwaka 2005. Bwawa moja la kati litengwe. Liwe na mkuu wake, asiyeripoti kwa meneja wa uzalishaji wa chumvi. Liwe na fungu lake la fedha la misimu mitatu, lisiloweza kuguswa pampu ikiharibika kwingine. Katika misimu miwili ya kwanza lisiulizwe faida. Liulizwe limejifunza nini na ni mfugaji gani wa samaki aliyerudi kununua mara ya pili. Likishindwa, lifungwe bila mtu kufukuzwa kazi.

Vikundi vya vijiji viingie kwa mkataba ulioandikwa, wenye sehemu ya mauzo, si ujira wa siku. Kwa kuzingatia yaliyoandikwa katika ripoti ya Tume ya mwaka 2006, sharti hili ndilo la kwanza kwangu.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi inaweza kuchukua nafasi iliyochukuliwa na DFID kwa M-Pesa: kuchangia nusu ya gharama kwa kampuni itakayokubali kuweka nusu nyingine. Kilifi imekwisha kuona kiwanda cha korosho cha Kilifi, fahari ya miaka ya 1970, kikifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa madeni na usimamizi mbaya, na wakulima wakabaki na miti. Fedha za kutafuta kazi mpya ndani ya viwanda vilivyobaki ni nafuu kuliko za kufufua vilivyokufa.

Wenye kampuni za chumvi, milango ya KMFRI Mombasa iko wazi na vikundi vya Kadzuhoni mnavifahamu. Ketini nao mwaka huu, masika ikishapita. Kaskazi huanza kuvuma kama Desemba, na bwawa litakalotengwa na kutiwa mbegu kabla ya mwaka kwisha linaweza kuvunwa mara kadhaa kabla ya mvua za Aprili.